Miguu Mizito, Tumbo Linanguruma: Matatizo ya Wiki Tatu za Mwisho Kabla ya Triathloni Ndefu

Wiki tatu kabla ya mashindano simu yangu huanza kulia usiku. Wakati wa mazoezi makubwa hakuna anayepiga. Watu wamechoka, saa tatu wamelala. Wakishaanza kupunguza mazoezi ndipo magonjwa yote yanapotoka mafichoni: goti, koo, tumbo, baiskeli inayolia, ndoto za kuzama. Mengi kati ya hayo ni kelele tu za mwili unaojitengeneza. Machache ni ugonjwa kweli, na kazi kubwa ya kipindi hiki ni kujua lipi ni lipi.

Namwandikia anayefanya mazoezi Arusha au Moshi, anayejiandaa kwa umbali kamili (kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kukimbia 42.2) au nusu yake (1.9, 90 na 21.1). Kundi letu hulenga Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, kwa nusu, na Gqeberha, Afrika Kusini, kwa umbali kamili. Mifano yangu itaelemea huko.

Miguu imekuwa mizito kuliko nilipokuwa sijapunguza

Hili ndilo linaloharibu mashindano ya wengi, kwa hiyo tulikalie kidogo.

Jumanne unatoka Sakina kwa dakika arobaini za mwendo rahisi. Hujafika hata Ngaramtoni, miguu kama imejazwa mchanga. Wiki iliyopita ulikimbia saa mbili na nusu ukarudi unacheka. Unaanza kujiuliza kama mazoezi ya miezi sita yamevuja.

Angalia kwanza umepunguza nini. Wengi hukata urefu na kasi kwa pamoja, halafu wanabaki wanajikokota wiki nzima. Kinachokatwa ni urefu. Kasi inabaki, na idadi ya siku za mazoezi inabaki karibu ile ile. Kama kilele chako kilikuwa saa 14 kwa wiki, wiki ya tatu kabla ya mashindano nenda saa 10, ya pili saa 7, na wiki yenyewe saa 3 au 4 ukiacha siku ya shughuli. Safari ndefu ya mwisho ya baiskeli, ile ya Arusha hadi Makuyuni na kurudi, iwe imekwisha wiki tatu kabla. Wa Moshi wana barabara zilizonyooka za kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, nao wasizidishe tarehe hiyo. Mbio ndefu ya mwisho pia iache hapo hapo, maana kukimbia kunaumiza misuli kuliko baiskeli na maji.

Ndani ya mazoezi mafupi yaliyobaki weka vipande vya kasi: dakika tatu mara nne kwa kasi ya mashindano ukiwa kwenye baiskeli, dakika mbili mara tano kwenye kukimbia, mita 50 mara nane bwawani. Pumzika vya kutosha katikati. Kipande cha kwanza kitakuwa kibaya. Kama cha tatu kimeamka, huna tatizo. Ulikuwa umesinzia tu.

Kama hakikuamka, pima mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo saba au zaidi siku tatu mfululizo, uliingia kwenye mapumziko ukiwa umechoka mno. Kaa siku mbili bila kufanya chochote. Ndiyo, chochote. Kisha soma kipengele cha homa hapa chini.

Dawa isiyofaa ni ile inayopendwa zaidi: kwenda zoezi refu Jumamosi moja "ili nijihakikishie." Zoezi zito huchukua takribani siku kumi au zaidi kukulipa faida yake. Likifanyika siku nane kabla, mashindano yatakukuta na uchovu wake, faida itakuja ukiwa umesharudi kazini.

Na usidharau kinachopatikana. Mapumziko yakipangwa vizuri, kwa kawaida huleta nafuu ya asilimia 2 hadi 3. Inaonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa muda: kwa mtu wa saa 13 ni dakika 15 hadi 23. Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, akamshinda kwa sehemu za mia za sekunde. Sisi wengine tunashindana na muda wa kufungwa kwa njia, lakini hesabu ni ile ile.

Nimeongezeka kilo moja na nusu

Vizuri. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli hukaa na maji, takribani gramu tatu za maji kwa kila gramu ya wanga. Ukipunguza mazoezi huku unakula kama kawaida, ghala linajaa na mzani unapanda. Uzito huo utautumia barabarani. Anayeanza kujinyima wiki ya mwisho ili awe mwepesi kwenye mlima anamwaga petroli ili gari liwe jepesi.

Mwili wote unauma, kichwa kinagonga, nahisi baridi

Hapa usijitibu kwa maelezo ya mtandao, yakiwemo haya.

Uchovu wa kupumzika hauna homa. Nunua kipimajoto, ni bei ndogo kuliko jeli tatu za mashindano (vile vipakiti vya sukari nzito vinavyonyonywa njiani). Joto likifika nyuzi 37.5 au kuzidi, mazoezi yamesimama na unakwenda kupima malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu na dakika kama ishirini.

Watu wa mjini Arusha hujiona wako salama kwa sababu ya baridi, na kweli mbu si wengi kama Pwani. Lakini fikiria ratiba zetu. Mtu anataka kuzoea maji ya chumvi, anashuka Tanga au Dar es Salaam wikiendi moja wiki mbili kabla ya mashindano. Analala gesti yenye chandarua kilichotoboka. Malaria huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, tangu kuumwa na mbu hadi homa. Piga hesabu inaangukia wapi: wiki ya mashindano yenyewe. Nimeona mtu akiambiwa na wenzake kwamba hizo ni "hofu za mwanzo" siku tatu nzima, huku anatetemeka ndani ya sweta. Safari ya baharini ifanye wiki tano kabla, na chandarua chako ubebe.

Usimeze dawa mseto bila kipimo "kwa usalama." Kama huna malaria, umeuficha ugonjwa mwingine usioujua. Kama unayo, meza dozi yote na usahau mashindano haya. Najua umelipia. Lakini homa yoyote, iwe ya malaria au ya virusi, ikichanganywa na saa nyingi za kazi nzito inaweza kuudhuru msuli wa moyo, na moyo hauna fundi wa kona.

Koo linawasha, mafua yananinyemelea

Vumbi la Kisongo, baridi ya Julai, watoto wanaorudi na mafua kutoka shule, daladala iliyofungwa madirisha: hayo yanatosha. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, pua na koo, fanya dakika thelathini nyepesi uone. Ukijisikia vibaya zaidi ndani ya dakika kumi, rudi. Zikishuka kifuani, au misuli ikiuma, lala. Osha mikono kama mwuguzi na jitenge na watu wanaokohoa, hata kama ni mkwe.

Leo goti, kesho kisigino, keshokutwa bega

Maumivu yanayohama hayana makao. Ulipokuwa ukifanya saa 14 kwa wiki kila kitu kilikuwa kinauma kidogo, hukuwa na nafasi ya kusikiliza. Sasa kumetulia, unasikia hata mlango wa jirani.

Maumivu ya kuogopa hukaa mahali pamoja. Yanaongezeka kila siku, unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja kwenye mfupa wa muundi au wa mguu chini, na ukiruka kwa mguu huo mara tano yanakuchoma. Hayo yanataka daktari na picha, kwa sababu yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Uvimbe wa mguu mmoja peke yake, hasa kigimbi kikiwa cha moto na kimekaza baada ya safari ndefu ya basi au ndege, nao ni wa hospitali, tena haraka.

Sasa neno kuhusu diklofenaki. Iko kila duka la dawa, inauzwa kama pipi, na wakimbiaji wengi humeza moja asubuhi ya mashindano "kuzuia maumivu." Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ongeza jasho la saa kumi na maji pungufu, umeziweka figo pabaya. Pia hukwangua tumbo ambalo tayari linahangaika. Kama huwezi kuanza mashindano bila hiyo dawa, hujawa tayari kuyaanza.

Tumbo linanguruma, linajaa gesi, linaendesha

Tatizo hili huanzia jikoni siku mbili au tatu kabla, na sisi watu wa Kaskazini tuna jiko zuri kwa afya na gumu kwa mashindano. Dona, makande, kiburu, mboga za majani: nyuzinyuzi tupu. Mwaka mzima kula hivyo. Siku mbili za mwisho badilisha. Ugali uwe wa sembe, wali uwe mweupe, maharage yapumzike, mchicha upungue, maembe yaache. Mtori ni rafiki mzuri sana hapa, ndizi zimelainika na chumvi imo; ila usiwe wa mafuta mengi. Machalari vilevile, punguza nyama. Maziwa na mtindi viache siku ya mwisho kama tumbo lako linajulikana. Mbege utaikuta ukirudi.

Kiasi je? Kwa saa 36 hadi 48 za mwisho lenga gramu 8 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 65 ni gramu 520 hadi 650. Ni chakula kingi kuliko watu wanavyodhani. Siku yenyewe inaweza kuonekana hivi: vikombe viwili vya uji mwepesi wenye sukari, slesi sita za mkate mweupe na asali, wali uliopikwa gramu 400 mchana na 400 jioni, ndizi mbivu nne, soda mbili. Hapo umefika karibu gramu 560. Mama mkwe wangu aliniona siku moja na sahani ya pili akauliza, "Baba, unakwenda mashindanoni au unakwenda kufungwa?" Mlo mkubwa wa mwisho uwe mchana wa siku moja kabla. Jioni kula mapema na kidogo. Ukilala na tumbo lililojaa, asubuhi litakukumbusha.

Kama tumbo limeanza kuendesha wiki hiyo, usikimbilie antibayotiki uliyoachiwa na jirani. Kunywa maji ya ORS, kula wali na ndizi, na ukiona damu au homa nenda hospitali. Maji ya ugenini nunua ya chupa, na kachumbari ya barabarani iache mpaka umevalishwa medali.

Upande wa maji watu hukosea kwa kuzidisha. Kunywa lita sita za maji matupu siku ya mwisho hakuhifadhi kitu, kunafukuza chumvi. Mkojo ukiwa na rangi hafifu ya maji ya limau inatosha. Tia chumvi ya kawaida kwenye chakula.

Na kinywaji cha njiani kisiwe kigeni. Jeli za dukani ni ghali na huku hazipatikani kila siku, kwa hiyo wengi wetu tunachanganya wenyewe: gramu 60 za sukari ya kawaida, sawa na vijiko vikubwa vitano hivi, robo kijiko cha chai cha chumvi, maji ya kujaza chupa ya mililita 750, limau kidogo. Sukari ya mezani nusu yake ni glukosi na nusu fruktosi, na utumbo huzipitisha kwa milango miwili tofauti, ndiyo maana mchanganyiko huo hufanya kazi. Chupa moja kwa saa ni mwanzo mzuri. Lakini kama hukuunywa kwenye safari ya Makuyuni, usiunywe Gqeberha.

Baiskeli imeanza kutoa sauti

Nianze na kosa langu. Siku nne kabla ya kusafiri nilipeleka baiskeli kwa fundi mmoja mjini "aikague tu." Alikagua kwa bidii. Alifungua bomba la kiti, akalisafisha, akalirudisha chini kwa kama sentimita moja. Sikugundua mpaka kilomita ya 50 ya mashindano, goti la kulia lilipoanza kunipigia simu. Tangu hapo bomba la kiti lina mstari wa utepe mweusi, na matengenezo yote makubwa yanakwisha siku kumi kabla, nikiwa na nafasi ya kuendesha angalau kilomita 100 kwa vifaa vilevile nitakavyoshindania.

Sauti ya *tik* kila unapokanyaga mguu mmoja: kaza pedali, kisha skrubu za kiatu chini ya soli, kisha ndipo ushuku mhimili wa kati, ule unaozungushwa na pedali. Watu huanza na mhimili, wanalipa bure. Sauti inayokuja hata ukiacha kukanyaga iko kwenye gurudumu: shika spoku mbili mbili ubane, iliyolegea utaisikia. Gia zinazoruka baada ya safari ya ndege karibu kila mara ni kile kipande kidogo kinachobeba kibadilisha gia cha nyuma, kimepinda ndani ya sanduku. Nunua cha akiba cha baiskeli yako hasa, maana hakifanani kati ya aina na aina, na Rubavu hutakipata Jumamosi jioni. Usukani unaogonga ukibana breki ya mbele umelegea shingoni, usiondoke hivyo.

Tairi zikague kwa vidole na tochi. Miiba ya migunga ya huku ina tabia ya kukaa ndani ya mpira wiki nzima bila kufika kwenye tyubu, ikaamua kufika siku ya mashindano. Ikiwa tairi imekatikakatika, badilisha sasa. Kabla ya kufunga sanduku vua kibadilisha gia cha nyuma ukifungie ndani ya fremu, punguza upepo, na kama breki ni za mafuta weka kipande cha plastiki kati ya pedi zisije zikabana. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi waulize shirika la ndege kabla. Pampu ya mkono haina maswali pale uwanja wa ndege wa KIA.

Siwezi kulala

Usiku wa mwisho karibu hakuna anayelala, na haudhuru sana. Usiku unaohesabika ni wa siku mbili kabla, na ile wiki nzima iliyotangulia. Kwa hiyo usikubali kuwahi basi la alfajiri au kukesha kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki siku hizo. Kahawa, hata kama ni ya Kibosho na imekaangwa nyumbani, mwisho saa sita mchana.

Nimechelewa, au nimewahi, sielewi saa

Limewapata watu wazima wenye digrii. Rwanda na Afrika Kusini ziko nyuma yetu kwa saa moja. Hiyo ni neema: wakikuamsha saa kumi alfajiri yao, mwili wako unajua ni saa kumi na moja. Tatizo ni mwongozo wa mashindano unaoandika saa za Kizungu. Mwenzetu mmoja alisoma kwamba zamu yake ya kupeleka baiskeli ni 11:00, akaelewa saa kumi na moja jioni, akala ubwabwa wake taratibu, akalala. Zamu yake ilikuwa saa tano asubuhi. Alifika jioni mlango unafungwa, akaingizwa kwa huruma. Andika ratiba yote upya kwa mkono wako, kwa saa za Kiswahili, na ubandike ukutani chumbani.

Ukiwa Rubavu kumbuka pia kwamba Rwanda hupita kulia. Unaendesha upande wa kulia, unampita mtu kwa kushoto kwake. Miaka yote mwili wako umezoea kinyume, na kwenye kilomita ya 70 kichwa kimechoka mwili ndio unaoamua. Zunguka mtaani nusu saa siku moja kabla. Rubavu iko juu karibu mita 1,460, sawa na Arusha, kwa hiyo wa Arusha watapumua kama nyumbani. Wa Moshi, mnaoishi chini ya mita 1,000, anzeni baiskeli pole pole saa ya kwanza. Gqeberha ni pwani, hewa nzito na upepo mwingi. Huko tatizo ni kushika usukani.

Siku moja kabla, miguu inawasha, nataka kukimbia

Hatimaye. Dakika ishirini kwenye baiskeli, kumi za kukimbia, vipande vitatu vya sekunde thelathini. Kisha rudi, weka miguu juu ya ukuta, na mpe mtu mwingine simu yako.